Zamu za Ijumaa, Ruwi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwa mliofika Muscat karibuni: ibada kubwa ni Ijumaa, maana wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili watu wako kazini. Tunakutana ndani ya uzio wa makanisa pale Ruwi. Maombi ya majumbani hatufanyi, sheria hairuhusu ibada nje ya maeneo yaliyoidhinishwa. Michango ya fedha nayo isipitishwe humu kwenye kundi.

Viongozi wa zamu: mgeni asipewe kiti tu, apewe kazi. Anayekaa nyuma na kuondoka kimya, baada ya muda haonekani tena. Ijumaa ya pili mpeni jambo dogo lenye jina lake: kugawa vitabu vya nyimbo, kupokea watu getini, kupanga viti. Kwaya isubiri, mazoezi ni mengi, na aliyeyakosa huona aibu kurudi.

Dada zetu wa kazi za ndani, wengine hupata ruhusa mara moja tu kwa mwezi. Msiwapange zamu za kila wiki. Wapeni zamu ya kupika chai, kazi inayoanza na kuisha siku hiyohiyo. Vikombe 40: maji lita 5, maziwa lita 3, majani gramu 80. Tangawizi ichemke kwanza kwenye maji ndipo maziwa yaingie, la sivyo yatakatika (mnajua wenyewe). Sukari iwe pembeni, tuna wenye kisukari.

Asiyeonekana Ijumaa mbili apigiwe simu jioni, baada ya kazi. Msianze na "mbona umepotea?" Mwulizeni zamu yake ashikiwe na nani.