Kwa mpwa wangu uliyeolewa kwa akina Esposito

Mpwa wangu,

Uliuliza kama akina Esposito wote wa Napoli, Italia, ni ukoo mmoja, maana mwenye duka la dawa ni Esposito na fundi bomba naye Esposito. La hasha. Na ukikutana na muuza nembo za ukoo, ngao iliyochorwa simba juu yake, mwachie simba wake.

Jina limetoka kwenye Kilatini, expositus, aliyewekwa nje: mtoto aliyeachwa. Napoli waliachwa hasa Annunziata, kanisa lenye hospitali na makao ya watoto. Ukutani palikuwa na tundu, na ndani yake pipa la mbao linalozunguka, ruota. Mleta mtoto alimlaza humo, akalizungusha, na aliyempokea upande wa pili hakumwona mleta. Kisha daftarini: siku, umri wa kukadiria, nguo alizovaa, na alama aliyoachiwa, pengine nusu ya medali, ili mzazi akirudi na nusu ya pili amtambue. Baba hajulikani, basi jina likawa Esposito. Ruota ilifungwa 1875. Kila mtoto wa namna hiyo alianzisha ukoo wake, ndiyo sababu jina limejaa Campania yote, mkoa wa Napoli, na watu hawana damu moja.

Miji mingine ilikuwa na majina yake. Firenze ni Innocenti, kutokana na hospitali iliyofunguliwa 1445. Roma ni Proietti. Milano ni Colombo, kwa njiwa wa nembo ya hospitali, ila hilo lina asili nyingine pia, kama mfuga njiwa, kwa hiyo peke yake halithibitishi kitu. Karne ya 19 majina ya kumfichua mtoto yalianza kukatazwa, makarani wakabuni mengine, hivyo aliyeokotwa anaweza kuwa na jina lolote.

Ukitaka kumtafuta babu wa mumeo, usianze na cheti cha kuzaliwa. Anza na ndoa. Ufalme wa Napoli uliandikisha vizazi, ndoa na vifo vya raia kuanzia 1809, na ndoa zake zina jalada la viambatisho (processetti): nakala za kuzaliwa za bwana na bibi harusi, na mara nyingi vyeti vya vifo vya wazazi wao. Jalada moja laweza kukupa vizazi viwili. Picha nyingi za hati hizo zipo kwenye Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali, bure. Jua kwanza manispaa (comune). Kwa Napoli mjini, mtaa pia.

Kosa kubwa ni kufuata jina la mtu tu. Utapata Gennaro Esposito wengi, wa rika moja, na utapanda mti wa watu wengine. Shika jina la ukoo la mama, kwani wanawake wa Italia hubaki na la baba yao kwenye hati, kisha kazi ya baba na mtaa. Ukisoma proietto (aliyetupwa) au di genitori ignoti (wazazi hawajulikani), umefika kwa aliyeokotwa: serikalini njia imekatika, uliza madaftari ya Annunziata yenyewe. Lakini Esposito wa 1850 mwenye baba aliyetajwa si yeye aliyeachwa. Huenda ni babu yake, kabla ya 1809, na hapo unabisha hodi parokiani.

Jambo jingine: mkazo uko kwenye po, esPOsito. Ulimi wetu wa Kiswahili utakuvuta useme espoSIto, na mama mkwe atasikia.