Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya Klabu ya Mazingira tunakukaribisha kwa heshima na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ili upande miti pamoja nasi. Miche iko tayari. Kabla hatujaanza, tunaomba ruhusa tueleze kwa nini uwanda wa nyasi nyuma ya madarasa haujachimbwa hata shimo moja.

Hapo ndipo anapotaga kipozamataza, ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi. Duniani zipo aina karibu 100 za jamii yake, na nyingi ziko Afrika. Hujenga kiota chini kabisa, ubavuni mwa kishungi cha nyasi, akitegemea rangi yake kumficha. Uwandani hakuna tawi la kusimama, basi dume wa aina nyingi hupaa na kuimba angani. Makinda nao huacha kiota kwa miguu kabla hawajaweza kuruka. Tukimpandia miti tunamwekea mwewe na kunguru mahali pa kukaa na kuchungulia watoto wake.

Mheshimiwa, wengi huuita uwanda kama huu ardhi tupu. Kwa maoni yetu jina hilo linaua ndege wengi kuliko manati. Kusini mwa Ethiopia, katika uwanda wa Liben, yupo kipozamataza aliye hatarini kabisa kutoweka: nyasi zimelimwa, zimelishwa mwaka mzima bila kupumzika, na vichaka vimejaa. Tumaini lake liko kwa wafugaji wa Kiborana, wanaotenga malisho yaitwayo kalo ili nyasi zirudi. Ng'ombe hunufaika, na ndege pia.

Uingereza zaidi ya nusu ya vipozamataza wa mashambani wametoweka tangu miaka ya 1970. Wakulima walihamia kupanda ngano kabla ya majira ya baridi, hivyo inapofika wakati wa kutaga mimea imekwisha kurefuka na kusongamana. Dawa iliyobuniwa ni rahisi ajabu: kuacha vipande vidogo visivyopandwa katikati ya shamba. Na kipozamataza wa Raso, kisiwa kidogo cha Cape Verde, alikuwa hana kwingine duniani hadi mwaka 2018, wengine walipohamishiwa kisiwa jirani cha Santa Luzia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusaidie uwanda huu uandikwe katika mpango wa shule kuwa eneo la hifadhi, usichomwe wala kufyekwa ndege wanapotaga, na mbwa wafungwe wakati huo. Ng'ombe waruhusiwe kwa zamu, maana nyasi zikirefuka mno ndege huyu hukosa pa kutembea. Miche yote ya leo itapandwa kando ya uzio na barabara, ambako miti inahitajika kweli.

Tunaomba kuwasilisha.