Kabla Hamjatia Sahihi: Barua kwa Vijana wa Amu

Wanangu na wajukuu zangu,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Siku ile mlipoandamana hapa Amu (Lamu) kutetea mazingira na tabianchi, kutoka Mkunguni kuelekea gatini, nilikuwa barazani na kikombe changu cha kahawa. Niliwaona nyote. Mabango yenu niliyasoma yote, hata lile la Kizungu lililonipita kimo. Punda mmoja aliyebeba mchanga alisimama katikati yenu akagoma kusogea, na nyinyi mkampisha yeye badala ya yeye kuwapisha nyinyi. Nikasema moyoni, hawa wana subira, watafaa.

Baadaye mmoja wenu akanijia: "Mzee, tumeshaandamana. Sasa tufanye nini?" Nikamwambia anipe muda. Muda nimeutumia, na kwa kuwa swali ni la wote, jibu naliandika la wote.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma, wengi wenu mkiwa bado chuoni mwasoma juzuu za Kurani, walikuja watu na mradi wao. Mradi gani na wa nani, sitataja. Tuliitwa mkutanoni, tukaketi chini ya turubai, tukapewa maji ya chupa, biriani yenye nyama ya kutosha na nauli ya shilingi mia tano. Pa kuingilia palikuwa na karatasi: jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi. Nikaandika bila kuuliza. Ilipofika zamu ya kusema, niliinuka nikasema waziwazi kuwa sikubali, kwa sababu pale ndipo tunapotega madema na ndipo samaki wanapozalia. Nikapigiwa makofi. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Ripoti ilipotoka, makofi hayakuwamo. Maneno yangu hayakuwamo. Jina langu lilikuwamo, na sahihi yangu pembeni, kwenye orodha iliyoambatishwa kuonyesha kuwa wakazi wameshirikishwa. Ladha ya biriani ile naikumbuka mpaka leo, na sijui niipende au niichukie.

Basi jambo langu kubwa kwenu ni hilo: mkono wenu unaposhika kalamu, jueni unaandika nini. Karatasi ya mahudhurio someni kichwa chake kabla ya kuijaza. Kikiwa na neno lolote la kukubali, likateni mbele ya watu, au andikeni kando ya jina lenu, "nimehudhuria, sijakubali." Kisha neno lenu la kupinga, au la kuunga mkono kwa masharti, lipelekeni kwa maandishi. Nakala mbili. Moja mwaachia ofisi, ya pili yapigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, mwarudi nayo. Isiyo na muhuri ni sawa na hamkwenda.

Mtaniambia mzee anatupeleka kwenye makaratasi na dunia inaungua. Hebu tazameni kilichotokea hapa hapa kwetu. Palitakiwa kujengwa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, megawati 1,050, katika nchi ambayo umeme wake mwingi watoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Moshi juu, jivu kando, na maji ya moto yakirudishwa baharini. Leseni ya mazingira ilitolewa Septemba 2016. Watu waliandamana, ndiyo, na fulana zilivaliwa. Lakini kilichoizuia leseni ile ni rufaa ya Save Lamu, kundi la wakazi wa huku, na wenzao watano, iliyopelekwa kwenye Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira mwaka huo huo. Sheria yetu ya mazingira hutoa siku 60 za kukata rufaa. Siku 60, wanangu, si 61.

Tarehe 26 Juni 2019 baraza likafuta leseni. Na sababu kubwa ilikuwa nini? Wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwapo, lakini mingi ilifanyika kabla utafiti wenyewe haujakamilika. Watu hawakupewa yaliyomo ndani ya ripoti wakayatolea maoni. Pia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Malindi ikaitupa. Hesabuni miaka tangu leseni hadi hapo: tisa. Walioanza kazi hiyo na ndevu nyeusi wamemaliza na za kijivu. Kwa hiyo mkiunda kundi, msiliunde la msimu mmoja wa upepo wa kaskazi. Muwe na katibu anayeweka faili, na wa pili anayejua faili liko wapi, maana katibu anaweza kuolewa Mombasa kesho.

Mradi mwingine ukija, na utakuja, jueni haki zenu kabla hamjaitwa chini ya turubai. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zataka mradi utangazwe kwa mabango, gazetini na redioni, kwa lugha ya watu wa mahali pale pia, na mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu ifanyike. Tangazo la kutaka maoni hutaja siku ya mwisho. Iandikeni ukutani. Na Katiba, kifungu cha 70, yamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mwingine ameshapata hasara. Maana yake hamhitaji kungoja samaki wafe ndipo mseme.

Ripoti ikifichwa, iombeni. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Asiyejua kuandika, afisa ana wajibu wa kumwandikia ombi lake. Mimi sheria hii nimeijua nikiwa nimeshazeeka, na nilipoambiwa Kiswahili chakubalika nilicheka peke yangu njiani. Miaka yote nimewatuma wajukuu wakaniandikie barua kwa Kizungu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana hulidharau, nalo ni daftari.

Hilo neno tabianchi ni geni kwetu wazee, lakini jambo lenyewe tumelishuhudia. Mwaka 1998 matumbawe yalipauka pwani yote hii kwa joto la maji, yakawa meupe kama mifupa, na mengi hayakurudi. Sisi tuliozamia tuliona. Tuliandika? Hatukuandika. Nilipoulizwa siku moja mbele ya watu wenye kompyuta, "Mzee, zamani mlikuwa mnapata samaki kiasi gani?" nikajibu, "Wengi sana." Yule kijana akangoja niendelee. Sikuwa na la kuendeleza. "Wengi sana" haiingii kwenye jedwali.

Nyinyi mna simu zinazoweka tarehe zenyewe. Kila kundi la wavuvi lenye kamati ya usimamizi wa ufuo lina sehemu ya kuandika samaki walioshushwa. Kaeni na makatibu wao, msaidieni, nakilini. Andikeni siku upepo wa kusi ulipoanza kuvuma na siku ulipotulia. Piga picha mahali bahari ilipofika maji makuu ya bamvua, simama pale pale mwaka ujao, piga tena. Na visima vya Shela, tafadhali. Yale machuguu ya mchanga mnayoyapandia kutazama jua likizama ndiyo yanayotuwekea maji matamu ya mji huu. Mchanga ukichotwa au ukijengwa juu yake, na bahari nayo inapanda, chumvi itaingia kutoka chini. Anayetetea machuguu yale anafanya kazi ya tabianchi hata kama hajawahi kulitamka neno hilo. Onjeni maji, pimeni, andikeni.

Mikoko nayo. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kwetu, na kila mgeni anayekuja na kamera anataka kupanda mche. Mwafurahi, mwapiga picha, mwaondoka. Nami nimewahi kuongoza upandaji wa namna hiyo, tena kwa fahari: tulichomeka mbegu za mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya mikoko, mahali pa wazi penye mawimbi, kwa sababu mkoko una mbegu ndefu, rahisi kushika. Bamvua mbili, haukubaki hata mmoja. Nyanya mmoja wa Matondoni aliyekuwa akipita na ndoo yake alinitazama tu akasema, "Hapo ni pa mlilana, baba." Alijua. Kila aina ya mikoko ina pake: mlilana hukaa mbele baharini, mkoko nyuma yake kwenye tope, mkandaa na mchu huelekea nchi kavu. Kabla ya kupanda, waulizeni wakata boriti na wanawake wanaookota kaa na chaza. Mara nyingi la kufanya si kupanda bali ni kufungua mkondo wa maji ulioziba. Maji yakipita, mbegu hujileta zenyewe.

Tena msiwageuze wakata boriti kuwa maadui. Marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwalaza njaa watu wa huku waliokuwa wakikata kwa leseni, kwa kipimo na kwa zamu. Mtu huyo akiona harakati zenu ndizo zilizomnyang'anya chungu cha jikoni, kesho atakaa upande wa yeyote atakayemletea biriani. Muiteni kwenye kikao cha kwanza, si cha tatu.

Kuna na hawa wanunuzi wa hewa ukaa, wanaolipa ili miti ilindwe iendelee kuinyonya hewa hiyo. Si wote wabaya. Kule Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umelinda hekta 117 tangu 2013, na fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Nendeni mkawaulize wenyewe walivyofanya, safari ya basi haiui. Lakini akija mtu hapa na mkataba wa kurasa nyingi na tabasamu, mwambieni Sheria ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023: lazima kuwe na makubaliano ya maendeleo na jamii, na mradi wa ardhini hutoa kwa jamii kila mwaka si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, gharama zikiondolewa. Gharama zipi, na nani anazihesabu? Hapo ndipo pa kukaa mpaka usiku. Asipotaka kuusoma mkataba kwa Kiswahili mbele ya jamaa wote, hamna haja ya kumjua zaidi.

Na serikali yetu ya kaunti iko karibu kuliko mnavyofikiri. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kwa kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya tarehe 30 Aprili. Wengi huanza kulalamika Julai, sahani zimeshaoshwa. Ukuta wa bahari, matangi ya mvua, barafu ya wavuvi kwa umeme wa jua: haya huombwa Agosti, kwa barua, na kwenye vikao vya wadi ambavyo mara nyingi huwa na viti vitupu. Ulizeni pia kamati ya mipango ya tabianchi ya wadi yenu ina nani. Huenda mkakuta nafasi ya kijana imeshikwa na rika langu. Asiyekuwapo na lake halipo, nanyi hamkuwapo.

Kuhusu maandamano, sikatazi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawalinda mkiwa na amani na bila silaha. Wapeni polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku tatu wala zaidi ya 14 kabla, nayo mrudi na nakala yenye muhuri. Ni taarifa, si ombi la ruhusa. Wasichana watembee mbele au nyuma wapendavyo wenyewe; niliona kijana mmoja akiwapanga kama viti vya harusi, na sikupenda.

Hayo mengine tutayazungumza. Ijumaa hii baada ya alasiri nipo barazani. Njooni hata wanne, na daftari jipya, si kurasa zilizobaki za hesabu za shule. Tuanze na ombi moja dogo la habari, kuhusu machuguu ya Shela: nani amepewa kujenga wapi. Miwani yangu imevunjika mkono mmoja, kwa hiyo mwenye mwandiko mzuri ndiye atakayeandika, mimi nitasoma kwa sauti kabla hamjatia sahihi. Kahawa ipo. Biriani hakuna.

Wenu,
Mzee wa barazani, Amu