Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: mlevi hapigi hesabu ya faini

Mheshimiwa Waziri,

Nimesikia unaandaa muswada wa kuwabana madereva walevi: faini ipande, kifungo kirefuke. Wengi watakupigia makofi. Mimi ni wakili wa utetezi, na hao unaotaka kuwafunga ndio wateja wangu. Kwa upande wa tumbo langu muswada huu ni neema, maana adhabu ikipanda, ada ya wakili nayo hupanda. Ila sioni utapunguzaje maiti barabarani.

Watu hawa nawajua. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba kabla ya kuwasha gari alikaa akapiga hesabu ya faini. Hesabu yao ni nyingine: askari wanasimama wapi, wanaondoka saa ngapi, na njia ipi ya uchochoroni inawakwepa. Mtu asiyetegemea kukamatwa, hata umwekee kifungo cha maisha, anaona umemwekea mwenzake.

Mifano ipo. Desemba 2014 Uskoti ilishusha kiwango cha pombe kwa madereva kutoka miligramu 80 hadi 50 katika kila mililita 100 za damu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walilinganisha ajali zake na za England na Wales, ambako kiwango kilibaki 80, na hawakuona ajali zikipungua. Sheria ilikuwa imekazwa, lakini upimaji barabarani haukuongezwa. Sasa tazama jimbo la New South Wales, Australia. Desemba 1982 polisi wake walianza kusimamisha gari lolote na kumpima dereva yeyote, awe anayumba au amenyooka kama rula, huku matangazo yakipigwa ili kila mtu ajue. Vifo vya barabarani vilishuka. Mlevi alikuwa amenyang'anywa uhakika wa kupita.

Askari anayepima wale tu anaowashuku huwakosa walevi wazoefu. Mzoefu anaongea vizuri, anasalimia kwa adabu na leseni anaitoa bila kupapasa. Ndiyo maana Norwe iliamua mwaka 1936 kuweka namba ya kiwango cha pombe kwenye sheria, na kosa likawa kuipita namba hiyo, hata kama dereva anaonekana mzima. Uingereza iliendelea kwa miaka mingi kubishana mahakamani kuhusu nani alitembea kwenye mstari na nani alitetereka, hadi sheria ya mwaka 1967 ilipoleta namba na kipima pumzi. Waziri wa huko wakati huo, Barbara Castle, alitukanwa sana kwa jambo hilo, tena akisutwa kwamba yeye mwenyewe hajui kuendesha gari. Nakutajia hili kwa sababu najua simu utakazopigiwa siku utakaporuhusu kila gari lisimamishwe. Baadhi zitatoka kwa wabunge wenzako.

Nije kwenye kesi zinapofia, maana hapo ndipo ninapokula.

Ini huondoa pombe kwa mwendo wake, kwa wastani miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Kahawa hailiharakishi, wala kuoga maji baridi. Dereva aliyekamatwa akiwa na 70 pale ambapo mwisho ni 50, akikalishwa kituoni kwa muda wa saa mbili kwa kuwa kipimo kimekwenda doria nyingine, atapimwa akiwa na 40. Nami nitasimama mbele ya hakimu nikiwa na karatasi inayosema 40. Serikali ikileta mtaalamu wa kukokotoa kurudi nyuma dereva alikuwa na kiasi gani alipokamatwa, nitamuuliza mtaalamu huyo: mteja wangu alikunywa lini mara ya mwisho, alikula nini na ana uzito gani? Hatakuwa na majibu, na mashaka yote ni mali ya mshtakiwa.

Yuko pia anayekataa kupuliza. Kama adhabu ya kukataa ni nyepesi kuliko ya kulewa, kila mwenye akili atakataa, na ukipandisha adhabu ya ulevi peke yake utakuwa unamfundisha kukataa. Yuko anayegonga, akakimbilia nyumbani, kisha akafungua chupa ili aseme pombe yote aliinywa baada ya ajali kwa mshtuko. Na ipo mashine ambayo cheti chake cha ukaguzi kimepitwa na wakati. Hapo hata sihitaji kusema mengi. Mianya hii yote inazibika kwa vifungu vichache na bajeti ya vipimo, tena kwa gharama ndogo kuliko kujenga magereza. Mtaniharibia biashara, lakini sawa.

Faini kubwa ina ubaya mwingine ambao wewe na mimi tunaufahamu vizuri: usiku, kati ya askari na dereva, faini ikipanda bei ya kuachiwa nayo hupanda. Kipimo kinachojiandikia muda, namba na jina la askari kinapunguza nafasi ya mapatano hayo. Mahubiri hayapunguzi.

Usidhani natetea huruma. Kufungiwa leseni kunauma kweli, na ndiko wateja wangu wanakolilia zaidi kuliko faini. Wanaorudia kosa wafungiwe magarini kifaa kinachozuia injini kuwaka mpaka dereva apulize na aonekane hana pombe. Japani, tangu 2007, sheria inamfikia pia aliyempa mlevi gari, aliyemnywesha akijua ataendesha, na abiria aliyepanda huku akiona. Hilo ningelitaka hapa, kwa sababu mezani huwa yupo mtu mzima mmoja aliyeona funguo zikichukuliwa.

Tena usiweke vizuizi usiku tu. Aliyelala saa sita akiwa na 180 ataamka saa moja asubuhi akiwa na 75 hivi, amenyoa, amevaa tai, anapeleka watoto shule. Hajisikii mlevi hata kidogo. Wa aina hii nimewatetea, na mshangao wao ni wa kweli.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na halihitaji kura ya bunge. Kabla muswada haujasomwa, tangaza kila mwezi idadi ya madereva waliopulizishwa kipimo nchini, si waliokamatwa, waliopimwa. Ikiwa namba hiyo ni ndogo kiasi cha wewe kuona haya kuitangaza, uweke muswada kabatini na uanze kununua vipimo.

Wako mtiifu,
Wakili wa utetezi, mahakama za trafiki