Carmen na Butterfly mikononi mwa wasanii wa kike vijana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaodai kwamba wasanii wa kike vijana wanaowatazama upya wahusika wa kike wa opera kongwe, yaani michezo ya kuigiza inayoimbwa, wanaharibu kazi za watu. Mimi ni mpenzi wa opera hizo kwa miaka mingi, na naona wanazitendea haki.

Tumtazame Cio-Cio-San, binti wa Kijapani wa Madama Butterfly, opera ya mtunzi Mwitaliano Puccini iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Milano mwaka 1904. Siku anapoolewa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani ana miaka 15, umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Miaka mitatu baadaye, mume aliyemtelekeza anaporudi na mke mwingine kumchukua mtoto, binti huyu anamketisha mwanawe, anamshikisha bendera ndogo ya Marekani, anamfunga kitambaa machoni, kisha anajiua kwa kisu alichoachiwa na baba yake. Muziki wa hapo ni mtamu mno, na utamu huo unatufanya tufute machozi na kwenda zetu bila kuuliza ni nani waliomwoza mtoto. Msanii anayeuliza swali hilo jukwaani hajazua jambo, kwa kuwa umri wa binti umetajwa ndani ya opera yenyewe.

Carmen wa opera ya Bizet, inayosimulia mambo ya Hispania na iliyoonyeshwa Paris mwaka 1875, anauawa na askari Don José kwa sababu amekataa kumrudia. Mwimbaji Pauline Malefane wa Afrika Kusini alimhamishia Khayelitsha, nje ya Cape Town, katika filamu ya U-Carmen eKhayelitsha, ambayo alishiriki kuiandika na akaiimba kwa Kixhosa, nayo ikashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2005. Carmen wake naye anauawa, ila muuaji sasa ni polisi wa mtaani, na mtazamaji wa Kiafrika hawezi tena kujifariji kwamba hayo ni mambo ya Wahispania wa kale.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Huko Florence, mwaka 2018, mwongozaji mmoja mwanamume aliubadilisha mwisho, Carmen akampiga risasi Don José. Nia ilikuwa kupinga ukatili dhidi ya wanawake, nami naiheshimu, lakini bastola ile hainielezi lolote jipya kuhusu mwanamke ambaye tayari amemwambia muuaji wake usoni kwamba alizaliwa huru na atakufa huru.

Aliyenigusa zaidi ni mchezaji na mtunzi wa ngoma aliyejulikana kwa jina la Dada Masilo, mzaliwa wa Soweto, Afrika Kusini, aliyeitungia Carmen ngoma yake akiwa bado katika miaka ya ishirini. Baadaye alimgeukia Giselle, ambaye ni wa baleti, hadithi inayochezwa kwa ngoma bila kuimbwa, wala si wa opera, lakini msiba wao ni mmoja. Tangu mwaka 1841 Giselle hutoka kaburini kumsamehe bwana aliyemdanganya, ila Giselle wa Masilo hasamehi, na kukataa kwake kunaonekana katika miguu inayokanyaga jukwaa kwa kishindo, pasipo kusimama kwa ncha za vidole. Masilo alifariki dunia Desemba 2024, akiwa na miaka 39 tu.

Kwa hiyo, Mhariri, nawaomba waandishi wako wa sanaa wawaulize wasanii hawa wameona nini ndani ya mhusika, kabla ya kuuliza kama Puccini angeridhika.

Msomaji wako,
Dar es Salaam