Barua kutoka Chennai, kabla hamjakata tiketi

Chennai, India

Shoga yangu Mwajuma,

Asalaam aleikum. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba Iddi anaendelea na mionzi, koo limeanza kumwachia, juzi amekula wali sahani nzima bila kuusukumia maji.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umenisomea makadirio yote ya hospitali, upasuaji wa moyo wa mzee wako, vipimo, siku za ICU, mpaka bei ya dawa, halafu mwishoni kabisa ukauliza kama kile kitakachobaki "kitatosha kula". Nikaona hili si la kujibu kwa sauti barabarani. Msomee na kaka yako barua hii, maana yeye ndiye mtumaji pesa, na watumaji pesa wote hudhani ukishalipa hospitali umemaliza.

Hospitali, dada, wamekuandikia. Kiasi unakijua, na mmechangishana ukoo mzima mpaka kimetimia. Kinachowaangusha watu huku ni matumizi ya nje ya wodi, yale ambayo hayamo kwenye karatasi ya daktari. Tena siku za nje ndizo nyingi. Mzee atafika, atapimwa siku kadhaa akiwa anatokea nyumbani, atalazwa, atatoka, halafu hawatamruhusu kupanda ndege mpaka wamwone tena kidonda kimekaa sawa. Wakikwambia wiki tatu, wewe pangia tano.

Kwa hesabu ya kichwani, rupia moja ichukulie kama shilingi 30. Inapanda na kushuka, lakini ukiwa dukani itakusaidia.

Tuanze na tiketi, kwa kuwa hamjakata. Air Tanzania inakwenda Mumbai, na bei yake wakati mwingine inavutia. Lakini Mumbai si Chennai, bado kuna ndege ya ndani, na ndege za ndani za huku kwa kawaida zinakuruhusu kilo 15 tu za begi la chini. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, lile begi ulilotoka nalo Dar la kilo ishirini na kitu litapimwa upya na utalipia kila kilo iliyozidi. Nimewaona watu wanafungua mabegi pale sakafuni, wanavaa majaketi mawili mawili kwenye joto. Kata tiketi moja inayofika hadi Chennai, na iwe ile inayoruhusu kubadilisha tarehe ya kurudi. Ni ghali kidogo, ila kwa mgonjwa tarehe ya kurudi hupangi wewe.

Sasa chumba. Hapo ndipo pesa nyingi inapokwenda, kwa hiyo nivumilie nikieleza kirefu.

Wengi wetu tunakaa maeneo ya Greams Road na Thousand Lights, kwa sababu hospitali ya Apollo iko hapo tangu 1983 na vichochoro vyote vinavyoizunguka vimegeuka gesti. Usicheke, gesti za huku zimejaa wagonjwa na ndugu zao, Waoman, Wabangladeshi, sisi. Utaona lodge za bei ya chee sana mtaani ukajiuliza mbona hatukai huko. Sababu ni kwamba anayempokea mgeni kutoka nje ya nchi lazima apeleke taarifa zake serikalini ndani ya saa 24, wanaiita Form C. Lodge nyingi ndogo hazitaki usumbufu huo, zikiona pasipoti ya kigeni zinasema zimejaa. Kwa hiyo tumebanwa kwenye zile zinazotupokea, na wenyewe wanajua.

Hata hivyo bei inazungumzika. Karibu na geti la hospitali chumba kinafika rupia 2,000 au zaidi kwa siku. Ukiingia ndani kwa mwendo wa dakika kumi kinakuja 1,200, hata 1,000 ukisema unakaa mwezi. Usiulize bei ya siku, uliza ya mwezi, halafu nyamaza kidogo. Uliza pia mambo mawili kabla hujatoa hela. La kwanza ni umeme. Huku hakuna luku, mwenye nyumba anasoma mita na kukutoza kwa uniti bei anayoijua yeye, na kiyoyozi kikiwashwa usiku kucha utaujua uchungu wake mwisho wa wiki. Kuanzia Aprili mpaka Juni hutaweza kukaa bila hicho kiyoyozi, joto lake Dar ni cha mtoto. La pili ni jiko. Jiko ndani ya chumba, sio "jiko la pamoja" ambalo ufunguo anao kijana fulani aliyekwenda sokoni.

Kuna na hili halisemwi. Mzee akilazwa, mtu mmoja huruhusiwa kulala naye wodini, basi utajikuta unalipia chumba huko mtaani na wewe hulali humo. Wapo wanaokiachia. Mimi nisingekuachia ukiachie. Akiwa ICU huwezi kulala humo ndani, na wanataka wakikuita ufike upesi, sasa utakaa wapi? Kwenye viti vya ukumbini? Mwombe mwenye nyumba akupunguzie kwa siku hizo. Wa kwangu alipunguza, kwa kununa, lakini alipunguza.

Kula. Chakula cha mgonjwa aliyelazwa mara nyingi kimo kwenye gharama za wodi, cha anayemuuguza hakimo. Migahawa ya kawaida wanauza mlo wa mchana kwenye jani la mgomba, wali, sambar (mchuzi wao wa dengu), mboga mbili tatu, mtindi, kwa rupia 120 hadi 150, na wali wanakuongeza mpaka uwafunike mkono. Kwa wewe peke yako hiyo si mbaya. Ipo na Amma Unavagam, migahawa iliyofunguliwa 2013 na serikali ya jimbo hili la Tamil Nadu enzi za waziri kiongozi Jayalalithaa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Idli, vile vikate laini vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, moja rupia moja. Wali wa sambar rupia tano. Siku nilipoambiwa nilidhani nimesikia vibaya. Unasimama foleni na madereva wa bajaji na wafagiaji, unapewa sahani ya bati, unakula umesimama. Pasafi, na hakuna aliyenikodolea macho. Lakini mzee wako wa moyo usimtegemeze huko wala kwenye migahawa. Daktari atamkatia chumvi na mafuta, na chakula cha nje cha huku kina chumvi, kina achari, kina papadi, kina pilipili ya kumtoa mtu machozi. Baba Iddi siku za mwanzo alikuwa anaitazama ile sambar kama mtu aliyeletewa hati ya mashtaka.

Kwa hiyo unapika, na kupika huku, Mwajuma, utafurahi. Asubuhi kinamama wanatandika magunia pembeni ya barabara na kuuza mboga za majani. Mchicha upo, huu huu wetu wenye shina nene jekundu, fungu rupia 20 au 30, waambie "keerai" watakuonyesha aina zote. Ndizi mbichi zipo, muhogo upo, bamia, nazi wanakukunia ukiomba, vidagaa vikavu vipo vinaitwa nethili, viloweke vitoe chumvi kwanza. Mchele nunua aina ya ponni usiochemshwa, rupia 60 hadi 70 kwa kilo. Ule uliochemshwa kabla ya kukobolewa una harufu, mzee ataususa. Nyanya zina wazimu wao: kwa kawaida ni rahisi, halafu mvua ikiharibu mashamba zinaruka. Mwaka 2023 zilipita rupia 100 kwa kilo na nchi nzima ilikuwa inazungumzia nyanya. Maziwa nachukua pakiti ya bluu ya Aavin, nusu lita rupia 20. Maji ya bomba msinywe, agizeni dumu la lita 20, kijana analileta mpaka mlangoni kwa kama rupia 40. Sembe njoo nayo kilo mbili tatu. Unga wa mahindi wa huku ni wa njano na ugali wake haushikani, ingawa mke wa Mnyasa mmoja jirani yangu anausonga wa rava, ngano ya chenga chenga, na mumewe hajalalamika.

Dukani kitu kimoja kitakupa amani sana. Kila kilichofungwa pakiti, sabuni, biskuti, chupa ya maji, hata vidonge, kimepigwa chapa bei ya juu kabisa kinayoweza kuuzwa, kodi zote zikiwemo. Tafuta herufi M.R.P. Muuzaji akitaja zaidi ya hapo, mwonyeshe kwa kidole tu, hana la kusema. Kwenye vidonge bei imeandikwa kwa maandishi madogo nyuma ya karatasi yake ya fedha, karibu na tarehe ya kuisha. Mfamasia anakata kwa mkasi idadi unayoitaka, huna haja ya kununua karatasi nzima. Akikata, mwambie abakize upande wenye bei na tarehe uwe kwako.

Na kwa dawa za muda mrefu, mzee atakazotumia miezi na miezi, ulizia duka la Jan Aushadhi. Ni mpango wa serikali kuu, wanauza dawa kwa jina lake la asili bila jina la kampuni, kwa bei ya chini mno. Peleka cheti kwa daktari kwanza, muulize ipi inaweza kubadilishwa na ipi asiiguse. Usijiamulie wewe kaunta.

Usafiri. Siku ya kufika chukueni teksi ya kulipia kabla, pale pale uwanja wa ndege, mgonjwa na mabegi si wa kuhangaishwa. Baada ya hapo metro ni nzuri, kutoka uwanja wa ndege inakuja moja kwa moja mpaka stesheni ya Thousand Lights, na nauli yake ya juu kabisa ni rupia 50. Bajaji zimejaa, huku ndiko kwao. Serikali ilipanga rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo na 12 kwa kila kilomita inayofuata, hiyo tangu 2013, na sijaona dereva anayeikumbuka. Fungua programu ya kuitia usafiri kwenye simu uone bei ya safari yako, halafu ndiyo upatane na aliye mbele yako. Wewe ukiwa peke yako kuna mabasi ya kawaida yaliyopakwa pinki kwa mbele, wanawake hawalipi nauli tangu 2021, kondakta anakukatia tiketi ya sifuri. Nikienda sokoni napanda hayo.

Pesa yenyewe sasa. Watu wa huku wanalipa kwa simu kama sisi na lipa namba, hata muuza madafu ana kikaratasi cha kupiga picha. Sisi wageni tusio na akaunti wengi tunabaki na noti, na ukimpa mtu 500 kwa kitu cha 30 anakutazama kama umemtukana. Weka akiba ya kumi kumi na hamsini hamsini. Mashine za benki nyingi hazitoi zaidi ya 10,000 kwa mara moja kwa kadi ya nje, na kila ukitoa unakatwa huku na benki ya kwetu nayo inakata, kwa hiyo toa nyingi mara chache. Dola njoo nazo, noti kubwa safi, badilisha mjini kwenye duka lenye leseni, uwanja wa ndege badilisha za teksi tu. Na zile noti za 2,000 alizobaki nazo shangazi yako, mwambie ziliondolewa 2023, maduka hayazipokei.

Mtu atakayekufuata getini akisema Kiswahili cha kuokoteza na kuahidi kukupeleka kwa daktari "mzuri zaidi", mshukuru na uendelee kutembea. Mkalimani atoke hospitali.

Hesabu basi, mwambie kaka aandike. Chumba 1,200, chakula cha wawili ukipika na maji 400, bajaji za hapa na pale 200, simu, kufua na vikorokoro 100. Hiyo ni 1,900, kwa siku weka rupia 2,000, yaani shilingi 60,000. Mwezi ni milioni moja na laki nane. Zile wiki mbili za ziada ni 840,000, na hizo ziwe mkononi kabla ya safari, zisiwe za kuahidiwa kwenye kikundi cha WhatsApp. Usipopika, ongeza shilingi elfu ishirini kwa siku, ndipo utajua kwa nini nimekuandikia habari za mchicha ukurasa mzima.

Nimekutafutia vyumba viwili. Kimoja rupia 900, kina jiko, kizuri, upepo unaingia, lakini kiko ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Cha pili 1,200, kiko chini, kina jiko, dirisha linatazama ukuta. Kwa mzee aliyetoka kupasuliwa moyo mimi ningechukua cha chini, ila pesa ni zenu. Mwenye nyumba anataka 3,000 za kushikia. Nitatanguliza, utanirudishia ukifika. Nijibu kabla ya Ijumaa, kuna familia kutoka Muscat nayo inakiulizia.

Mzee mpe shikamoo yangu. Mama yako mwambie tunamwombea dua mgonjwa wake kila swala.

Wako,
Mama Iddi