Heri ya Krismasi, kabla Januari haijabisha hodi

Heri ya Krismasi wapendwa, mliofika nyumbani na mlio bado steji mnabishana na makanga kuhusu nauli.

Naandika nikiwa jikoni kwa Mama, vidole vimejaa unga, chapati ziko motoni. Mpwa wetu amekaa kwenye kigoda ameshika orodha ya shule ya bweni: ndoo, godoro, viatu jozi mbili. Ameisoma, akaikunja, akaikunjua tena. Karo hajaitaja. Kimya hicho ndicho kilichonikumbusha Constance Baker Motley, mwanasheria Mweusi wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1921 mjini New Haven, Marekani, mtoto wa tisa kati ya kumi na wawili. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, na baba yake alikuwa mpishi wa vilabu vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale. Alipomaliza sekondari, pesa za chuo hazikuwepo. Siku moja, katika mkutano wa kituo cha jamii, binti huyu alisimama akaeleza kwa nini Weusi hawaendi pale: hawakuwa na sauti katika kukiendesha. Clarence Blakeslee, mkandarasi tajiri wa Kizungu aliyekifadhili kituo chenyewe, alikuwepo anasikiliza. Mwingine angenuna. Yeye alimwita, akaahidi kumsomesha, na akamlipia mpaka akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946.

Karo hiyo ilizaa nini? Mwaka 1963 huko Birmingham, jimbo la Alabama, zaidi ya wanafunzi 1,000 walitimuliwa shuleni kwa kuandamana kudai haki. Motley ndiye aliyewapigania hadi mahakama ya rufaa ikaamuru warudi darasani. Mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani alisimamia kesi kumi, akashinda tisa. Mkubwa wake wa kazi hapo awali alikuwa mwanasheria Thurgood Marshall, yule yule aliyekuja Lancaster House, London, mwaka 1960 kuwasaidia wajumbe wetu wa Kenya na sura ya haki za binadamu katika katiba.

Mwaka 1964 akaingia Seneti ya jimbo la New York, mwanamke Mweusi wa kwanza humo. Hakukaa sana. Mwaka 1966 Rais Johnson alimteua jaji wa shirikisho, na jina lake likakaliwa miezi huko Washington kabla ya kupitishwa. Hapo pia hakuwa ametanguliwa na mwanamke Mweusi yeyote. Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama yake, na aliendelea na ujaji hadi alipofariki mwaka 2005.

Basi kaka zangu, dada zangu, na nyinyi wajomba msiojibu simu: tarehe 25, pilau ikiisha na kabla hamjaanza kutawanyika, nitapitisha bahasha. Mama ameshatia noti ya kwanza, pesa za kuku zake wawili. Mpwa hajui.

Chapati inaungua. Sikukuu njema, na safari za salama.